SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: Ujumbe wa Kitapeli katika Simu



Tuchukulie kwamba katibu wa chama cha akiba na mikopo pale Kiseke amekabidhiwa na kamati jukumu la kulipa kodi ya ofisi, shilingi 450,000. Ijumaa, akiwa ndani ya daladala, anapokea ujumbe: “Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litatokea la mke wangu.” Anadhani ni mwenye nyumba. Anatuma. Jumatatu mwenye nyumba anafika ofisini kudai kodi yake.

Je, tapeli alijuaje habari za kodi? Hakujua lolote. Ujumbe huo huo hupelekwa kwa watu wengi bila kuchaguliwa, kama mvuvi wa dagaa awashavyo taa ziwani usiku: hamjui dagaa hata mmoja, lakini anajua watakuja. Katika watu wengi hawakosi wachache wanaotaka kumlipa mtu siku hiyo hiyo.

Yafaa tuyatazame kwa makini maneno “jina litatokea la mke wangu”. Mtumaji wa fedha kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha kwa namba ya siri. Hiyo ni kinga kubwa, na tapeli ameivunja mapema kwa kukuzoesha jina usilolijua. Kwa hiyo, jina linalotokea lisipolingana na lile lililoandikwa katika hati ya malipo, malipo yasimame. Katibu ampigie anayedai kwa namba iliyomo katika daftari la chama, siyo ile iliyoletwa na ujumbe, na mhazini ashuhudie. Wako makatibu watakaosema kwamba utaratibu huu unachelewesha kazi. Ni kweli, unachelewesha kwa dakika tano.

Hila ya pili ni ujumbe wa uongo usemao umepokea fedha, ukifuatwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea namba na mtoto wake yuko hospitali. Usirudishe chochote kabla ya kutazama salio lako mwenyewe. Kama fedha zimeingia kweli, kampuni ya simu ndiyo yenye utaratibu wa kuzirudisha, piga 100. Mtu yeyote atakayekuomba namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, ni mwizi.

Wenye simu janja wana taabu nyingine: tangazo linalojitokeza ghafla likidai kwamba simu ina virusi, au kwamba umeshinda zawadi. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuipima simu yako na kuvigundua virusi. Usibonyeze kitufe chake. Funga ukurasa wote, wala usipakue programu inayopendekezwa.

Lililo zito zaidi kwa vyama vyetu ni programu za mikopo ya haraka. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Programu za namna hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa katika simu, kisha mkopaji akichelewa, jamaa zake, wakwe na hata wakuu wake wa kazi hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Mwanachama anayekimbilia huko mara nyingi ni yule ambaye ombi lake la mkopo limelala mezani kwetu, na kamati za mikopo hazina budi kulikubali hilo.

Fedha zikikwisha kwenda, piga 100 papo hapo, kabla hazijatolewa kwa wakala. Usiufute ujumbe, kwani ni ushahidi wa kupeleka polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya tapeli ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:

Katika chama chetu, ni nani anayeijua namba ya siri ya simu ya malipo, na ilibadilishwa lini?

Ombi la mkopo wa dharura hujibiwa baada ya siku ngapi?