Mkono wa kiti cha gari ukivunjika

"Mama, usiegemee sana, kiti hakishiki." Shofa alisema hivyo tukitoka Zongwe kuelekea Kalemie mjini, na sote tukageuka kutazama. Nyuma ya kiti cha mbele palikuwa na kipande cha ubao, kimebanwa kati ya egemeo na gunia la mihogo. Tulipoingia kwenye mashimo ubao ukachomoka, egemeo likalala ghafla, mama yule akaangukia magoti ya kijana aliyempakata mtoto. Mtoto alilia kwa hofu tu. Shofa akaeleza kwamba mkono ulivunjika siku nyingi.

Kumbe haukuwa mkono peke yake, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Kiti kinacholala kina vitu viwili. Kuna mkono wa pembeni, mara nyingi wa plastiki, unaouvuta ili egemeo lilegee. Kisha kuna loki iliyojificha ndani, chuma chenye meno na springi, na hiyo ndiyo inayobeba mgongo wa mtu. Mkono ukikatika, loki nzima huendelea kushika. Tabu ni kwamba huwezi kulisogeza egemeo. Lakini egemeo likicheza au kulala lenyewe, loki ndiyo imekufa, hata kama mkono unang'aa.

Kwa hiyo pima kwanza. Keti kitini, ubane kwa koleo kile chuma kilichobaki mahali pa mkono, kisha kivute taratibu. Egemeo likisogea, na ukiachia likashika kwa sauti ya "ka!", shukuru: unahitaji mkono tu. Usijaribu hivyo huku umeinama juu ya kiti kitupu. Springi ina nguvu, na egemeo huruka mbele likakupiga usoni.

Kabla ya kufungua chochote, tazama ubavu wa kiti upande wa mlango. Ukiona kibandiko chenye maneno SRS AIRBAG, ndani ya kiti kuna mfuko wa hewa unaofyatuka gari likigongwa. Zima gari, toa waya hasi wa betri, kisha subiri. Toyota huagiza sekunde 90 kwa uchache. Mimi ningesubiri dakika tano. Nyaya zenye vichwa vya manjano chini ya kiti usizichokonoe, wala usizipime kwa taa ya fundi.

Mkono wenyewe hufungwa kwa njia chache. Mara nyingi kuna skrubu moja au mbili, pengine zimefichwa na kifuniko kidogo cha plastiki kinachong'oka kwa bisibisi bapa. Usipoiona skrubu, tafuta klipu ya waya nyuma ya mkono. Hapo chukua kitambaa chembamba kigumu, kipitishe kati ya mkono na ubavu wa kiti, ukivute huku na huku kama anayesugua kiatu. Klipu itafyatuka, na mkono wako mwingine uwe tayari kuidaka, maana ikirukia kwenye mchanga ndiyo basi. Plastiki kubwa ya ubavuni usiing'oe kwa hasira. Vishikizo vyake vikivunjika itagongagonga safari nzima.

Ukienda kutafuta piesi, beba vipande vyote vilivyovunjika. Muuzaji aone tundu ni la mraba, bapa au lenye meno, na skrubu ni ngapi. Kisha kuna jambo ambalo kwetu hula pesa za watu bure. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini huku kuna magari mengi ya Kijapani yenye usukani kulia. Ukimwagiza mtu anayevuka ziwa kwenda Kigoma akuletee "mkono wa kiti cha dereva" wa gari lenye usukani kushoto, atakuletea wa kulia, kwa sababu Tanzania dereva hukaa kulia. Taja upande wa kiti, kulia au kushoto ukiwa umeketi unatazama mbele. Taja pia aina ya gari na mwaka wake, na utume picha.

Piesi isipopatikana, fundi wa vyuma anaweza kuuchonga mkono kwa bati nene, na sioni ubaya, kwa kuwa mkono haubebi mtu. Apige tupa makali yote yaishe, asiufanye mrefu wala mzito. Chuma kizito hutikiswa na mashimo kikajivuta chenyewe, na loki ikafunguka gari likiwa mwendoni. Gundi usiitegemee, mkono hukatika pale pale unapovutwa kwa nguvu zote.

Loki ni habari nyingine. Naomba isichomelewe. Moto wa kuchomelea hulegeza ugumu wa meno yake, na gari likigongwa kwa nyuma mgongo wote wa abiria huangukia hapo. Badilisha fremu nzima ya kiti kutoka gari la aina hiyo hiyo lililokatwa, bolti za sakafuni zikazwe kwa spana. Kabla haijapatikana, kiti hicho kibaki bila mtu.

Mkono mpya ukishakaa, kaza skrubu kwa bisibisi ya mkono hadi igome, usizidishe, plastiki hupasuka. Keti, laza egemeo, linyanyue, achia. Sukuma kwa bega la kulia, kisha la kushoto, maana viti vingine vina loki pande zote mbili na moja huweza kushika nyingine isishike. Hakikisha mkono unarudi wenyewe na haugusi mlango. Baada ya safari mbili tatu za vumbi, rudi na bisibisi ukaze tena. Kile kipande kilichovunjika kiweke chini ya kiti, ndicho kitakachokuwa kipimo siku nyingine.