MAWE YA MIRIHI: NANI ALIYALETA?

Mpenzi msomaji, ukiambiwa kwamba hapa duniani kuna mawe yaliyotoka sayari ya Mirihi, bila shaka utauliza: nani aliyaleta, ilhali hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga huko? Wenzangu wa kidato cha pili wameniuliza swali hili mara si haba, wengine wakinicheka eti hizo ni porojo. Kuuliza si ujinga. Basi nisikilizeni.

Mawe hayo yalijileta yenyewe. Kimondo kikubwa kikiigonga Mirihi, vipande vya miamba yake hurushwa juu. Kipande kikipata mwendo wa kilomita 5 hivi kwa sekunde, huponyoka, hakirudi chini tena. Huzurura angani miaka na mikaka, na pengine huangukia dunia yetu. Kimoja kiliangukia papa hapa Afrika. Tarehe 3 Oktoba 1962, mkulima mmoja wa Zagami, kaskazini mwa Nigeria, alikuwa akifukuza kunguru shambani mwake mwa mahindi. Mara akasikia kishindo! Jiwe la kilo 18 lilikuwa limetua mita 3 tu kutoka pale aliposimama.

Haya, tutajuaje kwamba jiwe limetoka Mirihi wala si kwingineko? Wanasayansi huliuliza jiwe lenyewe, kwa njia tatu.

Kwanza, umri. Vimondo vingi vina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Lakini jiwe lililoanguka Nakhla, nchini Misri, mwaka 1911, lilitokana na volkeno miaka bilioni 1.3 hivi iliyopita. Vijisayari vidogo vilikuwa vimekwisha kupoa zamani sana. Kwa hivyo lazima jiwe hilo lilitoka katika sayari kubwa iliyokuwa bado na moto tumboni.

Pili, madini. Jiwe hukatwa likawa jembamba hata mwanga ukapenya, kisha likatazamwa kwa hadubini. Jiwe la Zagami limejaa pairoksini, madini yapatikanayo pia katika miamba ya volkeno hapa duniani. Ndani ya lile la Nakhla mna madini ya jamii ya udongo wa mfinyanzi, ambayo hayafanyiki pasipo maji. Kumbe maji yaliwahi kupita huko!

Tatu, hewa, na hili ndilo lililokata mzizi wa fitina. Mwaka 1976 vyombo vya Viking vilitua Mirihi vikapima hewa yake. Mwaka 1983 wanasayansi wa Marekani, Bogard na Johnson, walichunguza jiwe lililookotwa Antaktika. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kioo vilivyonasa gesi. Walipozipima, zililingana na hewa ya Mirihi! Jiwe hilo na la Zagami ni wa ukoo mmoja.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuamini. Mwaka 1996 wataalamu wengine walitangaza kwamba jiwe jingine la Antaktika, ALH84001, lina dalili za viumbe vidogo vya kale. Dunia nzima ilisisimka. Wenzao walipochunguza, wengi waliona kwamba dalili hizo zingeweza kutokea bila kiumbe chochote. Tangu mwaka 2021 gari la Perseverance limekuwa likikusanya vipande vya miamba huko huko Mirihi, lakini bado havijaletwa duniani.

Sisi nasi tusijidharau. Kimondo kilianguka Thika tarehe 16 Julai 2011. Hicho ni cha aina ya kawaida, si cha Mirihi, na kilijulikana hivyo kwa kupimwa, si kwa kubahatisha. Basi mwanafunzi mwenzangu, siku ukiona jiwe limeanguka kutoka mbinguni, usilioshe wala usilipasue. Andika saa na mahali, kisha umwite mwalimu wako. Na mtu akikuambia jambo kubwa, iwe ni la mbinguni au la hapa kijijini, mwulize kwa adabu: ushahidi uko wapi?