Dondoo muhimu: Core i5 mbili, mbio tofauti

Dukani Ngamiani, Tanga, utawekewa mezani kompyuta mpakato mbili zilizotumika, zote zina kibandiko cha Core i5. Usilipie kibandiko. Washa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji, usome jina kamili la prosesa.

Tuseme moja ni i5-6300U ya 2015, nyingine i5-8350U ya 2017. Kwa hizi mbili, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha 6 na cha 8. Ile kongwe ina viini 2, mwenzake 4. Muuzaji mjanja atakutajia gigahezi, 2.4 kwa 1.7, kana kwamba kongwe ndiyo yenye mbio. Hiyo ni kasi ya msingi tu. Kazi ikizidi, kongwe huishia 3.0, mpya hupanda hadi 3.6.

Windows 11 kwa Intel huanzia kizazi cha 8, na Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025. Kwangu hilo pekee linatosha kuongeza pesa. Ila kama kazi ni barua na hesabu za duka, kongwe yenye diski ya SSD na RAM ya GB 8 haitakuaibisha, mradi bei ishuke kweli.

Na joto la Tanga halina adabu. Icheze video dakika ishirini huku ukitazama kasi. Ikiporomoka, dai feni isafishwe kwanza.