Kukodi Motokaa Ugenini: Hukumu Zake na Amana Yake

Somo letu la safari hii latoka katika mlango wa ijara, nao ni mlango ambao watu wengi huusoma vyuoni wakiwa wadogo, kisha wakauacha humo humo vyuoni.

Watu wetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na miji mingine ya pwani husafiri sana siku hizi. Kuna aendaye Uingereza kumuuguza mzazi wake kwa miezi mitano, na kuna aendaye Maskati au Dubai kwa kazi ya muda, au kwa masomo mafupi, au kukaa na binti yake aliyejifungua. Mtu kama huyu si mkaazi hata anunue motokaa, wala si mpita njia wa siku mbili. Basi hukodi. Na katika kukodi huko tumeyasikia mambo mawili yasiyopendeza. La kwanza ni mtu kutia sahihi karatasi asiyoisoma, kisha akalia amedhulumiwa. La pili, nalo ndilo baya zaidi, ni usemi wa wajinga ya kuwa kampuni za huko ni za wasiokuwa Waislamu, basi mali zao hazina hishima. Tutayaeleza yote mawili, Inshallah.

Asili ya jambo hili

Ijara si jambo la kuzuka. Katika Surat al-Qasas Mwenyezi Mungu ametusimulia habari ya Nabii Musa alivyoajiriwa na mzee wa Madyan kwa miaka minane, na kama angetimiza kumi ni hisani yake. Tazama jinsi muda ulivyotajwa, na ujira ulivyotajwa, na ziada ilivyowekwa mbali na lililo lazima. Na Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar walipohama Makka walimwajiri mwongozaji njia ambaye hakuwa Muislamu, wakampa ngamia wao wawili awaletee penye pango la Thaur baada ya siku tatu. Imam Bukhari ameiweka habari hiyo katika kitabu cha ijara. Basi kufanya mkataba na asiyekuwa Muislamu kwa ajili ya safari ni jambo lililofanywa na mbora wa viumbe, na mkataba huo uliheshimiwa na pande zote mbili.

Sharti zinazotuhusu

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema ya kuwa ijara haiswihi ila manufaa yajulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane. Katika sharti ya muda wametaja jambo ambalo mkodi wa leo analihitaji sana: mtu akisema, "Nimekukodisha kila mwezi kwa kadha," bila kutaja mwisho, mkataba huo haukusihi kwa kauli iliyo na nguvu, kwani haujulikani ni wa miezi mingapi. Na kampuni nyingi za kukodisha motokaa huandika mkataba wa siku 28 au 30, kisha hutaka ufanywe upya. Hili lina kheri ndani yake. Kila kipande kina mwanzo wake na mwisho wake na bei yake. Walakini mkodi asidhani ya kuwa bei ya mwezi wa kwanza ndiyo ya mwezi wa nne. Na aulize mapema, na ajibiwe kwa maandishi: je, bei imefungwa kwa muda wote? Je, nikirudisha kabla ya wakati nitatozwa nini?

Tena wanazuoni wameigawa ijara mafungu mawili. Kuna ijara ya kitu chenyewe, kama kusema, "Mnyama huyu." Mnyama huyo akifa, mkataba umevunjika kwa muda uliosalia. Na kuna ijara ya dhima, yaani mwenye kukodisha ajilazimisha kuleta mnyama wa sifa fulani, na huyo akiharibika ni juu yake kuleta mwengine. Kampuni za leo aghlabu huahidi motokaa ya namna fulani "au mfano wake", nayo yakaribia fungu hili la pili. Na katika fungu hili Shafi wameshurutisha ujira ukabidhiwe palepale penye mkataba. Basi mkodi anayetakiwa kulipa mwanzo asione amefanyiwa jeuri, na motokaa ikimharibikia njiani pasi na kosa lake, ana haki ya kudai nyingine.

Ama matengenezo, kanuni ni kuwa kila ambalo manufaa hayapatikani ila kwalo ni juu ya mwenye mali, kama ufunguo wa nyumba na kuitengeneza ikibomoka. Petroli kwa desturi ni juu ya mkodi. Kubadilisha oili ya mashine na kuikagua motokaa wakati wake ufikapo ni juu ya kampuni, lakini ni juu ya mkodi kuipeleka na kutoa habari, kwani katika miezi mitano wakati huo huweza kufika akiwa nayo yeye. Taa ya hatari ikiwaka, naye akaendelea kwenda, amekwisha kuingia katika uzembe.

Je, yahitajika?

Kabla ya kukodi, mtu na apige hesabu kwa uadilifu. Tuchukue mfano wa kukisia tu. Motokaa ikikodiwa kwa pauni 30 kwa siku, siku 150 ni pauni 4,500. Ikikodiwa kwa mwezi kwa pauni 600, miezi mitano ni pauni 3,000. Hapo twaona faida ya kuomba bei ya mwezi tangu mwanzo badala ya kuongeza siku baada ya siku. Lakini hesabu haikwishia hapo. Ikiwa haja yake ni kumpeleka mgonjwa hospitali mara mbili kwa juma, na teksi ya kwenda na kurudi ni pauni 30, basi majuma 22 ni pauni 1,320. Pauni 1,680 zitasalia mfukoni, na huenda zikawa ndizo nauli na dawa. Mwenye mgonjwa asiyeweza kungoja, au anayekaa shamba pasipo basi, ana udhuru wake. Ama akodiye motokaa kubwa ili apigwe picha ipelekwe Mombasa, huyo ametumia mali ya aila yake katika israfu, na ataulizwa.

Motokaa ni amana

Hukumu iliyo moyo wa somo letu ni hii: mkono wa mkodi ni mkono wa amana. Kitu kikiharibika pasi na kosa lake, kwa asili ya sheria hadhamini. Akivuka mpaka, adhamini. Wanazuoni wametoa mfano wa mtu aliyempiga mnyama kupita desturi, au aliyempandisha mtu mzito kuliko yeye. Leo mifano ni mingine na maana ni ile ile. Mkataba ukimtaja dereva mmoja, naye akampa ufunguo binamu yake "aende dukani tu", amevuka mpaka, na yumkini bima nayo imeanguka papo hapo. Ukikataza kuivusha motokaa nchi nyingine bila ruhusa, akatoka Uingereza akaenda Ufaransa kwa siri, amevuka. Ukitaja maili za mwezi, akazipita, ni juu yake kuilipa ziada waliyoafikiana. Mwenyezi Mungu ameanza Surat al-Maida kwa kutuamrisha kutimiza mikataba, wala hakubagua mkataba wa Muislamu na wa mwengine.

Bima, kadi na dhamana

Katika mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jidda lilikata ya kuwa bima ya biashara yenye ada maalumu ni haramu kwa wingi wa gharari iliyomo, na likaihalalisha bima ya kusaidiana. Lakini sheria ya Uingereza yamlazimisha kila aendeshaye njiani awe na bima ya madhara ya watu wengine, na mkodi huipata ndani ya ujira wa motokaa. Lililo la kulazimishwa halina hukumu ya lililo la hiari. Ama nyongeza za hiari, mtu na amwulize mwanachuoni wake, na azisome kwanza, kwani nyingi hazigusi vioo, tairi wala chini ya motokaa. Tena ajue kuna kiasi ambacho mkodi hujilipia mwenyewe ikitokea ajali kabla bima haijalipa kitu. Kiasi hicho huwa mamia ya pauni, na pengine hupita 1,000. Asiyekuwa na akiba hiyo amejitia hatarini.

Kampuni nyingi hutaka kadi ya benki ili zizuie fedha za dhamana. Mwaka 2000, katika kikao chake cha Riyadh, Baraza hilo hilo lilikata ya kuwa haijuzu kutoa kadi ya mkopo isiyo na fedha nyuma yake, wala kuitumia, iwapo imeshurutishiwa riba, hata kama mwenyewe ana nia ya kulipa kabla ya muda kupita. Basi atafute kampuni ikubaliyo kadi inayokata fedha zake mwenyewe zilizomo benki, na aulize kabla ya kupanda ndege, asije akafika usiku na watoto akaambiwa kadi yake haifai. Fedha zitakazozuiwa asizihesabu katika matumizi.

Leseni na kanuni za njia

Mgeni mwenye leseni ya Kenya iliyo hai aweza kuendesha motokaa ndogo Uingereza kwa miezi 12, na upande wa njia ni wa kushoto kama kwetu. Maskati na Dubai watu hushika kulia, na mtu aliyepata kibali cha ukaazi Dubai hutakiwa awe na leseni ya huko, haimtoshi tena ya ugeni. Kile kibali cha kimataifa cha kuendesha, ambacho kwetu hutolewa na Chama cha Waendesha Motokaa cha Kenya, hakifai kitu pasipo leseni yenyewe. Na achukue vyote viwili.

London ina ada ya kuingia katikati ya mji tangu mwaka 2003, na ada nyingine kwa motokaa zenye moshi mchafu, ambayo tangu Agosti 2023 imeenea mitaa yote ya mji huo. Apitaye kivuko cha Dartford kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku sharti alipe kabla ya usiku wa manane wa siku ya pili yake, wala hapana kibanda cha kulipia pale. Kamera huandika namba. Mgeni asiyejua hupita akafurahi hakuna aliyemzuia, kisha barua ya faini huja kwa kampuni, na kampuni humtoza pamoja na ada ya kazi yake.

Kupokea na kurudisha

Siku ya kupokea, azunguke motokaa yote mchana, apige picha kila mkwaruzo, kioo, tairi, na kipimo cha maili na cha petroli, na kila alionalo liandikwe katika karatasi ya kampuni kabla hajatia sahihi. Aya ya deni katika Surat al-Baqara imetufundisha kuandika na kushuhudisha, nasi tumeiacha kwa wengine. Siku ya kurudisha afanye vivyo hivyo, mbele ya mtu wa kampuni, na achukue karatasi ya kupokelewa. Tumewaona watu wakifunga hirizi penye kioo cha mbele, na tairi zimekwisha meno. Hirizi haishiki breki. Mtume (s.a.w.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo ategemee.

Mali ya asiyekuwa Muislamu

Twarudi kwenye ule usemi. Makureshi walipokuwa wameazimia kumwua Mtume (s.a.w.), amana zao zilikuwa nyumbani mwake. Je, alizichukua akenda nazo Madina? La. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe kwa wenyewe, kila mtu na chake. Basi ikiwa amana ya mwenye kutaka kukuua hurudishwa, itakuwaje amana ya mtu aliyekukabidhi motokaa ya maelfu ya pauni kwa sahihi yako tu? Afichaye mkwaruzo, aongopaye umri wa dereva, aondokaye kwenda uwanja wa ndege akiacha faini nyuma kwa kuwa "hawatanifuata Mombasa", amechukua deni katika dhima yake. Nasi twajua ya kuwa Mtume alikataa kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolichukua deni hilo juu yake. Kampuni huenda isimfuate Mombasa. Deni litamfuata kaburini.

Tena kuna madhara mengine. Yule kijana wa kampuni huenda asimjue Muislamu mwengine ila huyu aliyesimama mbele yake. Akidanganywa, hatasema fulani amenidanganya. Atasema Waislamu, na atakayekuja nyuma na mgonjwa wake atalipishwa dhamana maradufu kwa kosa asilolijua.

Maswali ya darasa

Kwanza: kwa nini "kila mwezi kwa kadha" bila mwisho hakuswihi? Pili: ni tofauti gani baina ya ijara ya kitu chenyewe na ijara ya dhima? Tatu: mkodi ameegesha motokaa mahali panaporuhusiwa, ikagongwa na mwengine; je, kwa asili ya sheria adhamini? Na ikiwa amemkubalia mwenye kampuni sharti ya kulipa kiasi fulani, hukumu ikoje? Majibu tutayazungumza darasani, Inshallah.