MAUMIVU NI MLINZI
Somo la afya: jinsi mishipa ya fahamu inavyobeba habari mwilini



Katika somo hili tutajifunza juu ya mishipa ya fahamu. Watu wengi wakifika kliniki husema, "Dokta, niondolee maumivu haya." Ni haki yao. Lakini wako wengine ambao hawafiki kabisa, kwa sababu hawaumwi. Mmoja ana baka lisilouma, mwingine ana ganzi kidoleni, mwingine ameungua unyayo bila kujua. Somo hili ni kwa ajili yao hasa, na kwa ajili ya jamaa zao. Ukisoma hadi mwisho utaelewa kwa nini mahali pasipouma panaweza kuwa pa hatari kuliko mahali panapouma.

Mishipa ya fahamu ni nini?

Usiichanganye na mishipa ya damu. Mishipa ya damu ni kama mabomba, nayo hupitisha damu. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu, nayo hupitisha habari. Makao makuu ni ubongo, ulio ndani ya fuvu la kichwa. Kutoka kwenye ubongo unashuka uti wa mgongo, kamba laini inayolindwa na mifupa ya mgongo. Jozi 12 za mishipa hutoka kwenye ubongo na kwenda hasa kichwani na usoni. Jozi 31 hutoka kwenye uti wa mgongo na kusambaa mikononi, kiwiliwili chote na miguuni.

Habari husafiri ndani ya mishipa hiyo kama umeme mdogo sana. Ndiyo maana dawa ya ganzi anayochomwa mtu kabla ya kung'olewa jino humfanya asisikie kitu. Dawa hiyo haitibu jino. Inafunga njia kwa muda, na habari ya maumivu haifiki kwenye ubongo.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Tuchukue mfano wa jikoni. Mama anashika sufuria ya moto bila kitambaa. Mambo haya hutokea kwa haraka sana:

1. Ncha za mishipa kwenye ngozi ya vidole huhisi joto kali.
2. Habari hupanda mkononi hadi kwenye uti wa mgongo.
3. Uti wa mgongo hausubiri ubongo. Hutoa amri mara moja, na misuli huuvuta mkono.
4. Wakati huohuo habari huendelea hadi kwenye ubongo. Hapo ndipo mama anasema "Aii!" na kujua kwamba ameungua.

Kwa hiyo mkono huanza kuondoka kabla mwenyewe hajasikia maumivu. Bila ulinzi huo, vidole vingebaki kwenye sufuria na kuungua zaidi.

Kumbuka kwamba kuna njia mbili. Njia ya kwenda hupeleka habari za kugusa, joto, baridi na maumivu hadi kwenye ubongo. Njia ya kurudi huleta amri za ubongo kwa misuli: tembea, shika, simama. Njia moja inaweza kuharibika na nyingine ikabaki nzima.

Kwa nini maumivu huja mara mbili?

Ukijikwaa kwenye jiwe, kwanza unasikia maumivu makali kama ya kuchomwa. Baada ya muda mfupi yanafuata maumivu mengine mazito, ya kuwaka, yanayokaa. Sababu ni kwamba habari hizo hupita kwenye nyaya tofauti. Nyaya nyembamba zenye ala huleta maumivu ya kwanza kwa kasi. Nyaya nyembamba kabisa zisizo na ala huleta maumivu ya pili polepole, kiasi cha mita 1 hivi kwa sekunde, sawa na mwendo wa mtu anayetembea.

Habari za kugusa hupita kwenye nyaya nene zenye kasi kubwa zaidi. Ndiyo maana mtoto akiumia mama humsugua, na mtoto hupata nafuu. Mwaka 1965 wataalamu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kama lango, na habari za kusuguliwa zinaweza kulifunga kwa kiasi ili maumivu yasipite yote.

Habari zisipofika: ganzi

Ugonjwa unaojulikana sana kwa kuua hisia ni ukoma. Huletwa na kijidudu kilichogunduliwa na Dk. Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Kijidudu hicho hupenda kukaa kwenye ngozi na kwenye mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka lenye rangi hafifu au jekundu, lisilowasha, lisilouma na lenye ganzi. Dalili huweza kuchelewa miaka 5 au zaidi baada ya kuambukizwa.

Watu wengi huamini kwamba ukoma huozesha vidole hadi vidondoke. Sivyo. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, aliona kwamba vidole huharibika kwa sababu ya majeraha yasiyosikika. Mgonjwa hushika chungu cha moto, hutembea na msumari ndani ya kiatu, na hajui. Wagonjwa wengine waliamka asubuhi wakakuta sehemu ya kidole haipo. Walipokesha usiku kuangalia, waliona panya wanaguguna vidole, na mwenye vidole amelala usingizi. Tangu hapo wagonjwa walipewa paka wa kufuga.

Mtu mwenye hisia angeamka panya alipouma mara ya kwanza. Ndiyo maana tunasema maumivu ni mlinzi. Mlinzi akifa, nyumba iko wazi. Hali kama hiyo huwapata pia wagonjwa wa kisukari cha muda mrefu, ambao hupata ganzi miguuni.

Amri zisipofika: kupooza

Katika polio, virusi huua chembe za uti wa mgongo zinazopeleka amri kwa misuli. Mguu wa mtoto hulegea ghafla, lakini bado anasikia ukimgusa. Polio haina dawa ya kuponya, bali ina chanjo. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, toa taarifa siku hiyohiyo. Choo chake kinatakiwa kupimwa mara mbili ndani ya siku 14 tangu alipolegea.

Ugonjwa mwingine ni konzo, unaojulikana sana Kongo. Huwapata watu wanaokula kwa wingi muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, huku wakikosa chakula kingine kama maharage, samaki au nyama. Sumu ya muhogo huharibu njia ya amri, na miguu yote miwili hukakamaa ghafla. Haiponi tena. Loweka muhogo mchungu siku 3 au zaidi hadi ulainike, kisha uanike juani ukauke kabisa.

Kengele inayolia bila moto

Wapo wenzetu waliokatwa mguu au mkono kwa sababu ya bomu la ardhini, risasi au ajali. Wengi wao husikia kiungo kile kisichokuwepo kinawasha au kinawaka moto. Wengine huficha, wakiogopa kuitwa wendawazimu au kuambiwa wamerogwa. Dk. Silas Weir Mitchell wa Marekani, aliyewatibu askari waliojeruhiwa katika vita vya 1861 hadi 1865, aliandika juu ya maumivu hayo mwaka 1871.

Mishipa iliyokuwa ikitoka mguuni bado ipo kwenye kigutu, na ubongo bado una ramani ya mguu ule. Kwa hiyo maumivu ni ya kweli. Zipo dawa za maumivu ya mishipa, na yapo mazoezi mbele ya kioo yanayowasaidia baadhi ya watu. Mweleze mhudumu wa afya bila aibu.

Ufanye nini?

Jipime nyumbani. Ukiona baka, fumba macho na umwombe mwenzako aliguse kwa kipande cha pamba, kisha aguse ngozi nzima iliyo karibu. Kama huwezi kuonyesha mahali alipogusa kwenye baka, nenda kliniki. Baka hata kama halina ganzi, lisipopona lionyeshe.

Ukoma unapona. Dawa zake hutolewa bure, na humezwa kwa miezi 6 au 12 kufuatana na aina. Mgonjwa akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Hakuna sababu ya kumtenga. Ganzi au udhaifu mpya ukigunduliwa ndani ya miezi 6, mara nyingi dawa huweza kuokoa mshipa. Ukichelewa, ganzi hubaki hata baada ya kijidudu kufa.

Kama tayari una ganzi, macho yako yawe mlinzi badala ya maumivu:

- Kila jioni kagua mikono na nyayo. Kama huoni vizuri, mwombe mtoto akusaidie.
- Vaa viatu laini ndani, vigumu chini. Vikung'ute kabla ya kuvaa.
- Shika sufuria kwa kitambaa kinene. Usiote moto kwa miguu yenye ganzi.
- Pima joto la maji kwa kiwiko chenye hisia, wala si kwa kidole chenye ganzi.
- Loweka miguu kwenye maji ya kawaida dakika 20, kisha paka mafuta ngozi isipasuke.
- Funika miguu usiku, na usiache mabaki ya chakula karibu na malazi kwa sababu ya panya.
- Ukipata kidonda, kipumzishe na uende kliniki, hata kama hakiumi.

Nenda kliniki mara moja bila kungoja kesho kama upande mmoja wa mwili au uso umelegea ghafla, kama miguu imekufa ganzi na mkojo umekataa kutoka, au kama umeumia mgongo kwa kuanguka. Aliyeumia mgongo asiketishwe wala asikunjwe. Abebwe akiwa amenyooka juu ya ubao.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Baka lisilouma ni rahisi kulificha, kwa hiyo usingoje liume.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mkono huondoka kwenye moto kabla ya kusikia maumivu?
2. Mtoto wa polio hasogezi mguu, lakini anasikia akiguswa. Ni njia ipi iliyoharibika?
3. Vidole vya mgonjwa wa ukoma huharibika kwa sababu gani?
4. Nyumbani kwako nani ana baka au ganzi? Mtafika kliniki lini?