Amelala, au Amepoteza Fahamu?

Somo la mwezi huu ni la wale watu watatu au wanne wanaofika kwanza pale mtu anapoumia kichwa, kabla ya daktari na kabla ya gari. Mara nyingi watu hao ni ninyi.

Hapa kisiwani kichwa chaumia kwa njia nyingi. Bodaboda zagongana na tuktuk. Fundi ateleza juu ya mabati. Mtoto aanguka kutoka roshani. Hamali aangukiwa na mzigo kule Bandari ya Zamani, au mkokoteni wa maji wamponyoka mwenyewe kichochoroni Mji wa Kale. Wenzetu wa bara mna minazi juu ya hayo. Na kila mahali utasikia mtu akisema, "Mwacheni, amelala tu." Akiwa na harufu ya pombe ndiyo kabisa, hakuna atakayemgusa hadi asubuhi. Twawaomba sana: mlevi aliyeanguka na kuumia kichwa ni mgonjwa wa kichwa kwanza, ulevi wake utazungumzwa kesho.

Ubongo umekaa ndani ya fuvu gumu lisilotanuka. Mtu akigongwa, damu yaweza kuvuja ndani, au ubongo wenyewe ukavimba, na kwa kuwa hakuna nafasi, ubongo wabanwa. Kwa nje huenda usione hata mkwaruzo. Kinachobadilika mapema ni fahamu: mtu awa mzito, achanganyikiwa, kisha haamki. Wako wanaozimia kidogo, wakaamka, wakazungumza vizuri na hata kuuliza pesa zao ziko wapi, kumbe damu yaendelea kujikusanya. Baada ya saa chache wanazama tena. Kwa hiyo kupima mara moja hakutoshi.

Sasa tupime vipi? Kwanza tazama kama anapumua. Kama hapumui, hapo si pa kupima fahamu tena: mtu mmoja apige simu, mwingine aanze kusukuma kifua kama mlivyofunzwa. Kama anapumua, mmoja wenu apige magoti na kukishika kichwa kwa mikono miwili kisizungukezunguke, maana shingo nayo huenda imeumia. Halafu angalieni kwa mpango huu. Je, yuko macho mwenyewe, akiwatazama? Kama hayuko macho, mwiteni kwa sauti karibu na sikio: "Bwana, wanisikia? Fungua macho." Akifungua macho au akijibu, andikeni kwamba aitika sauti. Asipoitika, bonyezeni ukucha wa kidole chake kwa kalamu, kwa nguvu, hesabu mpaka kumi. Akivuta mkono, akiguna au akikunja uso, aitika maumivu. Asipofanya lolote hata mkijaribu mkono wa pili, haitiki. Hizo ndizo ngazi nne, na wauguzi wanazijua kwa herufi za Kiingereza AVPU. Msimpige makofi, msimtikise, msimmwagie maji.

Aliye macho bado hajamaliza mtihani. Muulizeni jina lake, yuko wapi, leo ni siku gani, imetokea nini. Hapa Mombasa pana jambo ambalo vitabu vingi havilitaji: muulizeni kwa lugha aliyolelewa nayo. Mzee wa Kigiriama, au bibi wa Mji wa Kale aliyekulia kwenye Kiarabu au Kihindi, aliyeduwazwa na kishindo huenda asijibu Kiswahili sanifu cha muuguzi kijana, mkadhani amechanganyikiwa kumbe sivyo. Jirani anayemjua ana faida kubwa hapa. Yeye ndiye awezaye kusema, "Huyu si kawaida yake." Vilevile mtu mpole ambaye ghafla anatukana na kupigana na wanaomsaidia, msikimbilie kusema amepandwa na pepo. Baada ya kugongwa kichwa, ukali wa namna hiyo ni dalili ya ubongo kuumia. Mtoto mchanga hawezi kujibu maswali: tazameni kama analia kwa nguvu, ananyonya, na anamfuata mama yake kwa macho.

Hospitalini watapima kwa undani zaidi. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Uskoti, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo kinachotumika mpaka leo duniani kote. Shida yao ilikuwa hii hii yetu ya "amelala": kila daktari alikuwa na neno lake, na mwenzake hakujua hasa limemaanisha nini. Wao wakaamua kutazama mambo matatu tu: macho yanafunguka kwa nini (alama 1 hadi 4), maneno yakoje (1 hadi 5), na viungo vinasogea vipi (1 hadi 6). Mtu timamu hupata 15. Asiyeitika chochote hupata 3, kwa kuwa hakuna sifuri. Akiwa 8 au chini ya hapo, jeraha lahesabiwa kuwa kali, na huenda hawezi kuilinda njia yake ya pumzi. Hatuwaombi mtoe alama. Twawaomba mwandike mlichokiona, kwa maneno ya kawaida, na saa.

Mfano: fundi ameanguka Kibokoni. Saa 4.10 usiku, yuko macho, ataja jina lake, mahali na siku. Saa 4.25, afungua macho akiitwa, asema ni Jumapili kumbe ni Alhamisi. Saa 4.40, hafunguki macho akiitwa, avuta mkono wa kulia akibonyezwa, wa kushoto hausogei. Mistari mitatu tu, juu ya kipande cha boksi, lakini yamwambia daktari kwamba mgonjwa huyu anazama upesi, na upande gani umelegea. Mtu wa Likoni avukaye kwa feri apimwe kabla ya kuingia na baada ya kushuka.

Mtu akishuka ngazi hata moja, msingoje. Simu za dharura ni 999 au 112, na gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu ni 1199. Hospitali ya rufaa ya serikali kwa pwani nzima ni Hospitali Kuu ya Pwani, nayo iko hapa hapa kisiwani. Gari haliingii vichochoro vingi vya Mji wa Kale, kwa hiyo mbebeni juu ya ubao mpana au mlango hadi barabarani. Kumbana kati ya watu wawili juu ya bodaboda, kichwa kikining'inia, kwaweza kummaliza. Asiye na fahamu akitapika au akikoroma, mgeuzeni ubavu, kichwa, shingo na mwili vikienda pamoja kama gogo. Msimpe chai, maji, wala aspirini.

Na aliyeruhusiwa kurudi nyumbani? Asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Si kweli kwamba haruhusiwi kulala kabisa. Aliyekwisha kuchunguzwa aweza kulala, na mumwamshe kama mlivyoelekezwa hospitalini, ahakikishe jina na mahali. Arudishwe upesi akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiwa na degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyenzake, au maji maji yakitoka puani au sikioni. Kwa wazee, na wanaomeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, damu yaweza kuvilia polepole na dalili zikaja hata baada ya majuma kadhaa. Mzee aliyeanguka mwezi uliopita na sasa anapotea njia ya kwenda sokoni, mpelekeni. Tukisoma habari za Msamaria, twasifu mafuta na divai na punda wake, twasahau kwamba alikaa na mgonjwa wake mpaka kesho yake.

Kwa mkutano wenu: chagueni mtu mmoja awe mgonjwa, mnong'oneze aanze ngazi gani na ashuke lini, wengine wasijue. Wawili wampime kila baada ya dakika tano, wa tatu aandike kwa saa ya ukutani. Kisha mwingine ambaye alikuwa nje ya chumba asome karatasi na aeleze kilichotokea. Asipoelewa, rudieni. Karatasi zenu leteni kwenye kikao cha vikundi vyote, tuzilinganishe.