Vidonge Vyeupe Kwenye Nguo za Mtoto

Swali: Mama mkwe amenipa nguo za mtoto zilizokaa sandukuni miaka mingi pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Zinanuka sana. Naweza kumvalisha mwanangu mchanga?

Jibu: Usimvalishe kwanza, dada. Vidonge vingi vya aina hiyo ni naftalini, kemikali inayopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe na kwenye mafuta ya petroli. Viwandani hutumika kutengenezea rangi na plastiki. Haisubiri kuyeyuka: hugeuka mvuke moja kwa moja, ndiyo maana kidonge hupungua hadi kikaisha bila kuacha tone. Mvuke huo ndio unaoua nondo, na ndio ulioganda kwenye nguo zako.

Mwilini, naftalini huweza kupasua chembe nyekundu za damu. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea sehemu zenye malaria, kwetu ikiwemo. Kumpaka mtoto mafuta kabla ya kumvisha huzidisha mambo, kwani ngozi hunyonya zaidi. Umoja wa Ulaya ulishapiga marufuku vidonge hivi mwaka 2008.

Fua nguo, zianike nje hadi harufu iishe kabisa. Zikigoma, achana nazo. Mtoto akiwa na macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai au akilegea, au akimeza kidonge, mpeleke hospitali mara moja na pakiti yake mkononi.